Nani Ashike Mayai? Chotara wa Hariri, Pamba ya Ukiriguru na Kesho ya Katoro

Swali la nini kitafuata baada ya dhahabu limekuwa likirudi katika Kanda ya Ziwa kila baada ya miaka michache, na kila linaporudi huja na jina jipya la mkombozi. Liliwahi kuja na alizeti, likaja na nyuki, likaja na vizimba vya samaki. Siku hizi nasikia pia likitajwa jina la hariri. Hoja huwa ni ileile: majirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wameijaribu, mforsadi unaota katika hali yetu ya hewa, na kiwavi mmoja wa chotara anatoa uzi mrefu kuliko babu zake. Basi tulete mayai, tuwape vijana na akina mama, tungoje fedha.

Sina ugomvi na mforsadi wala na kiwavi. Ugomvi wangu ni na neno "tulete". Historia ya uchotarishaji wa nondo wa hariri, ambayo ni moja ya historia kubwa za sayansi ya kilimo duniani, haisimulii tu jinsi uzi ulivyorefushwa. Inasimulia pia nani alishika mayai, nani aliyalipia, na nani aliachwa mikono mitupu mayai yalipokosekana. Kwa mtu wa Katoro, Geita na Shinyanga simulizi hiyo si ngeni hata kidogo. Wazee wake waliiishi kwa jina jingine, nalo ni mbegu ya pamba.

Mdudu aliyesahau kuruka

Nianze na mdudu mwenyewe, kwa kuwa siasa yake inatokana na maumbile yake. Nondo wa hariri anayefugwa, ambaye wanasayansi humwita Bombyx mori, ameishi mikononi mwa binadamu kwa maelfu ya miaka tangu Wachina walipomtoa porini. Amefugwa hata akapoteza uwezo wa kuruka. Kiwavi wake hula majani ya mforsadi kwa siku 25 hadi 28, hujivua ngozi mara nne, na uzito wake huongezeka takriban mara 10,000 tangu siku anapototolewa. Kisha hutoa uzi mmoja usiokatika na kujizungushia kifukofuko. Katika koo bora za leo uzi huo hupita mita 1,000.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wangu lazima alishike. Nondo akiachwa atoke, hutoboa kifukofuko na kuukatakata uzi. Kwa hiyo vifukofuko vya kuuzwa hupitishwa kwenye joto ili bundo aliyemo ndani afe. Maana yake ni kwamba mfugaji anapouza mavuno yake anauza pia kizazi kijacho, tena kikiwa kimekufa. Mayai ya msimu unaofuata lazima yatoke mahali pengine. Mkulima wa mtama hutenga masuke mazuri akayatundika juu ya moshi wa jikoni. Mfugaji wa hariri angeweza kutenga vifukofuko vichache vya mbegu, na kwa karne nyingi wafugaji walifanya hivyo, lakini kuanzia karne ya 19 mambo mawili yaliifanya kazi hiyo itoke nyumbani kwake.

La kwanza lilikuwa ugonjwa. Ufaransa ilivuna tani 26,000 za vifukofuko mwaka 1853. Kufikia 1865 mavuno yalikuwa yameanguka hadi takriban tani 4,000, kwa sababu ya ugonjwa uitwao pebrini, ambao mama humrithisha mtoto kupitia yai. Serikali ikampeleka Louis Pasteur kule Alès, kusini mwa nchi. Ufumbuzi aliofikia ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: kila nondo jike atage peke yake, kisha asagwe na kutazamwa kwa hadubini, na mayai ya mama mwenye vijidudu yachomwe. Njia hiyo inatumika hadi leo. Lakini tangu siku hiyo yai salama likawa ni yai lililopita mbele ya hadubini, na hadubini haikuwa nyumbani kwa mfugaji.

La pili lilikuwa chotara.

Toyama na nguvu ya kizazi cha kwanza

Toyama Kametarō alikuwa mwanasayansi wa Kijapani aliyetumikia serikali ya Siam, yaani Thailand ya leo, kati ya mwaka 1902 na 1905. Huko alipata koo za nondo wenye vifukofuko vya manjano, akazipandisha na koo za Kijapani zenye vifukofuko vyeupe. Kanuni za urithi za Mendel zilikuwa zimegunduliwa upya mwaka 1900 tu, na Toyama akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonyesha kwamba kanuni zilizotokana na njegere za bustanini zinatawala pia urithi wa wadudu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1906.

Pamoja na nadharia alitoa pendekezo la kiutendaji. Alieleza kwamba watoto wa kizazi cha kwanza wa koo mbili zilizo mbali huwa na afya kuliko wazazi wote wawili, hukua kwa usawa, na vifukofuko vyao huwa vizito. Kwa nini basi taifa zima lisifuge chotara wa kizazi cha kwanza pekee?

Japani ikamsikiliza. Mwaka 1911 serikali ilianzisha taasisi ya kitaifa ya kutunza koo mama, na kuanzia 1914 mayai ya chotara yakaanza kugawiwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, karibu wafugaji wote wa Japani walikuwa wakifuga chotara. Mahindi chotara ya Marekani, ambayo vitabu vingi vya shule huyasifu kuwa mapinduzi ya kwanza ya aina hiyo, yalienea mashambani katika miaka ya 1930. Kiwavi wa Japani alikuwa ametangulia.

Nguvu ya chotara, hata hivyo, ina masharti. Ukichukua nondo wa kizazi cha kwanza ukawapandisha wenyewe kwa wenyewe, watoto wao hutawanyika: mmoja humrudia bibi wa Kichina, mwingine humrudia babu wa Kijapani, wa tatu hana sura ya yeyote. Usawa uliopendwa na viwanda unapotea. Kwa hiyo koo mama lazima zitunzwe zikiwa safi, mbalimbali, mwaka baada ya mwaka. Mabundo ya kiume na ya kike lazima yatenganishwe kabla nondo hawajatoka, kazi ya macho makali na mikono myepesi. Kisha huja hadubini ya Pasteur. Hii ni taasisi, si mradi wa miaka mitatu.

Na palipo na taasisi pana swali la mwenye nayo. Nchini Japani kulikuwa na serikali iliyoshika koo mama na kukagua wazalishaji wa mayai. Lakini kulikuwa pia na kampuni kubwa za kufuma uzi, kama Katakura, zilizowapa wakulima mayai kwa mkataba kwamba vifukofuko vyote vitauzwa kwao. Mkulima alipata mdudu bora, na papo hapo akapoteza uhuru wa kuchagua mnunuzi. Nyuma ya uzi huo walikuwa pia maelfu ya mabinti waliofanya kazi saa nyingi viwandani kwa ujira mdogo. Bei ya hariri ilipoporomoka mwaka 1930 pamoja na uchumi wa dunia, na nailoni ilipotangazwa Marekani mwaka 1938, hakuna chotara aliyeweza kumwokoa mfugaji. Sayansi iliongeza mita za uzi, lakini haikuwa na la kufanya juu ya bei.

Kolar: dhahabu chini, hariri juu

Katika masomo yote ya hariri duniani, lililo karibu zaidi na Katoro halitoki Japani. Linatoka Kolar, kusini mwa India, katika nchi iliyoitwa Mysore na ambayo sasa ni jimbo la Karnataka.

Kolar ilikuwa na dhahabu. Uchimbaji wa kisasa ulianzishwa na kampuni ya Kiingereza ya John Taylor katika miaka ya 1880. Umeme wa maji ulifikishwa mgodini mwaka 1902, wakati miji mingi ya Asia bado ilikuwa ikiwasha taa za mafuta. Mashimo yalishuka zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi. Mgodi ulitaifishwa mwaka 1956, na mwaka 2001 ukafungwa. Mji uliojengwa juu ya mgodi huo uliachwa na vilima vya marudio yenye sianidi, nyumba za kampuni zinazobomoka, na watu wanaopanda treni alfajiri kwenda kutafuta vibarua Bangalore.

Lakini wilaya iliyouzunguka mji huo haikufa. Katika vijiji vyake, hatua chache kutoka kwenye mashimo, wakulima walikuwa na mforsadi. Hariri ya Mysore ina asili ya kale kuliko mgodi. Mtawala Tipu Sultan aliipa msukumo katika miaka ya 1780, akiagiza mayai kutoka Bengal na hata kumwandikia wakala wake aliyekuwa Muscat, bandari ambayo waswahili wa pwani yetu wanaijua vyema, amtafutie wadudu hao na watu wenye ujuzi wa kuwatunza.

Kilichonivutia mimi katika historia hiyo ni namna Wahindi walivyochotarisha. Ukoo wa kienyeji, uitwao Mysore, hutoa kifukofuko kidogo chenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na uzi wake ni mfupi. Mtaalamu mwenye haraka angeutupa. Ila ukoo huo hustahimili joto, husamehe makosa ya mfugaji, na huzaa mara nyingi kwa mwaka, tofauti na koo za nchi za baridi ambazo huzaa mara moja au mbili tu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Mysore waliamua kumbakiza mama wa kienyeji na kumtafutia mume wa kigeni. Chotara aliyepatikana hakuwa na uzi mrefu kama wa Japani, lakini hakumfilisi mkulima mvua zilipochelewa. Hadi leo sehemu kubwa ya hariri ya mforsadi nchini India hutokana na chotara wa namna hiyo. Wahenga wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Mysore walilitenda hilo kwa hadubini na daftari.

Hawakuishia hapo. Vijiji maalumu vilitengwa kwa ajili ya kutunza ukoo wa mama ukiwa safi, na mwaka 1959 jimbo likatunga sheria ya kusimamia uzalishaji na usambazaji wa mayai na uuzaji wa vifukofuko. Vifukofuko vikaamriwa kuuzwa mnadani, katika masoko ya serikali, mbele ya wanunuzi wengi. Masoko ya Ramanagara na Sidlaghatta yalizaliwa katika utaratibu huo. Baadaye, katika miaka ya 1990, wataalamu wa Mysore kwa ushirikiano na Wajapani walitoa chotara wapya wenye uzi mweupe na mrefu zaidi. Lakini chotara hao waliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye vijiji vya mbegu, wakaguzi, sheria na mnada. Ndiyo maana wilaya ile ilikuwa na kitu cha kushika siku mgodi ulipofungwa.

Majaribio ya jirani

Afrika Mashariki nayo haikuanza jana. Kenya ilianza kujenga ufugaji wa hariri katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Japani, na Thika ikawa makao ya kituo cha taifa cha utafiti wa mdudu huyo. Katika miaka ya 1990 taasisi ya ICIPE ya Nairobi, iliyoasisiwa na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilianzisha mpango wa wadudu wa biashara chini ya Suresh Raina. Watafiti wake walileta chotara wa Kichina, akiwemo aliyeitwa Shaanshi BV-333, wakamlisha majani ya aina mbalimbali za mforsadi: Kanva-2 iliyotoka Mysore, Thika, Embu na nyinginezo. Walipima uzito wa kifukofuko, urefu wa uzi na uimara wake. Wakatengeneza pia chotara wao wenyewe, aliyepewa jina la ICIPE I, na kumlinganisha na wageni.

Kazi hiyo ni ya heshima, na ina funzo moja ambalo wapigadebe hulisahau. Ubora wa hariri haukai ndani ya mdudu peke yake. Chotara yuleyule akila jani jingine hutoa uzi mwingine. Anayemwaga mayai kijijini bila kupanda mforsadi unaofaa, bila maji ya kuunywesha kiangazi, anapoteza muda wa watu. Nasi wa ukanda wa pamba tuongeze onyo letu: kiwavi wa hariri huuawa na chembe ndogo mno ya sumu ya wadudu, na mashamba yetu hunyunyiziwa sumu kila msimu.

ICIPE ilifanya jambo la pili ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kule Mwingi na Kakamega iliwasaidia wanavijiji kuvuna hariri ya nondo wa porini, Gonometa wa kwenye migunga na Anaphe ambaye viwavi wake hujenga kiota kimoja kwa pamoja. Nondo hao hawahitaji mayai kutoka ng'ambo, lakini msitu ukiisha nao huisha. Mtu anayejua ni miti mingapi inakatwa kushikilia kuta za maduara ya Rwamagasa na Nyarugusu ataelewa kwamba somo hilo nalo linatuhusu.

Pamba: hariri yetu ya kwanza

Sasa nije nyumbani. Nilisema hapo juu kwamba mfugaji wa hariri huuza kizazi kijacho ndani ya mavuno. Mkulima wa pamba hufanya vivyo hivyo. Pamba anayoipeleka kwenye mizani ina mbegu ndani yake, na mbegu hutengana na nyuzi kiwandani, mbali na shamba lake. Anayemiliki kiwanda cha kuchambua pamba ndiye anayeshika mbegu, hata kama hajawahi kushika jembe.

Waasisi wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, walilielewa hilo. Kituo kilianza kazi ya pamba mwanzoni mwa miaka ya 1930. Adui wa kwanza alikuwa mdudu mdogo afyonzaye majani, aitwaye jasidi. Ufumbuzi ulikuwa wa uchotarishaji na uchaguzi: zilitafutwa aina zenye majani yenye vinyweleo, ambavyo humzuia jasidi, zikiwemo aina za U4 zilizotoka Barberton, Afrika Kusini, na kutoka humo wataalamu wakachagua mimea iliyoifaa ardhi ya Usukuma. Baadaye vita vikahamia kwenye ugonjwa wa bakteria unaokausha majani na kuozesha vitumba. Kila aina iliyotolewa ilibeba herufi UK, yaani Ukiriguru, na namba. Wazee wa Geita na Shinyanga wanazijua namba hizo, UK77, UK82, UK91, kama vijana wanavyojua matoleo ya simu.

Pamba ndiyo iliyojaza watu Geita. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwahamasisha watu kuhama kutoka maeneo yaliyochoka ya Usukuma ya kati kwenda Geita kufungua ardhi mpya, nao walikuja na ng'ombe na jembe, wakapanda pamba. Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria Federation of Cooperative Unions chini ya Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima Waafrika barani. Shirikisho lilinunua viwanda vya kuchambua pamba. Hapa ndipo historia ya mbegu na historia ya uhuru zilipokutana, kwa maana mkulima, kupitia chama chake, alianza kushika mbegu yake mwenyewe. Aina mpya ilitoka Ukiriguru, ikazidishwa katika eneo lililotengwa, ikapitia kiwanda kinachojulikana, kisha ikaenea kwa mpangilio. Aina tofauti zilitengewa maeneo tofauti, na mbegu haikuruhusiwa kutangatanga.

Sitaki kupamba enzi hiyo. Ushirika ulikuwa na wezi wake, serikali iliuvunja mwaka 1976 na kuurudisha katika miaka ya 1980 ukiwa umedhoofika, na mkulima alicheleweshewa malipo hata akachoka. Ruhusa ya wafanyabiashara binafsi kununua pamba mwaka 1994 ilikuja ikiwa na sababu zake. Lakini katika kufungua soko hatukuweka mlinzi wa mbegu. Wanunuzi walikimbilia pamba popote ilipo, wakaisafirisha kuvuka mipaka ya maeneo, wakaichambua kwa pamoja. UK77 ikachanganyika na UK82, na zote mbili zikachanganyika na UK91. Ugonjwa wa mnyauko, ambao husafiri na mbegu, ukapata usafiri wa bure. Kazi ya uteuzi ya miaka 60 ikamwagwa katika gunia moja. Hakuna aliyekamatwa, kwa kuwa hakuna aliyevunja kitu kinachoonekana.

Wakati huohuo kijana wa Geita alikuwa na njia nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki katika siku zake, ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 mgodi mpya ulifunguliwa, na pembeni yake wachimbaji wadogo wakaongezeka. Katoro, iliyo kando ya barabara kuu na iliyoshikana na Buseresere, ikakua kwa biashara ya wachimbaji: maduka, makarasha, nyumba za wageni, wanunuzi wa dhahabu. Kijana aliyeona baba yake akipanda mbegu isiyoota, akiikopea sumu isiyoua, akauza kwa bei aliyotangaziwa, hakuhitaji mtu wa kumshawishi aingie kwenye duara. Nakataa kauli ninayoisikia mara kwa mara kwamba vijana wa ukanda huu ni wavivu wa kilimo. Mtu anayeshuka mita 40 kwa kamba si mvivu. Aliangalia hesabu, akachagua.

Maswali kabla ya mayai

Kwa hiyo iwapo kesho atakuja mtu Katoro na makasha ya mayai ya chotara, awe mfadhili, mwekezaji au mwanasiasa, sitamwambia arudi. Nitapenda halmashauri na wananchi wamuulize mambo manne.

Kwanza, koo mama ziko wapi, na ni nani atakayezitunza miaka kumi baada ya wewe kuondoka? Kama jibu ni kwamba mayai yataagizwa kila msimu kutoka ng'ambo, basi wimbo ni wa mtegemea cha ndugu, na mwisho wake unajulikana.

Pili, hadubini iko wapi? Yai lisilokaguliwa linaweza kuua mabanda ya kata nzima kwa msimu mmoja, na mfugaji aliyekopa atabaki na deni.

Tatu, mnunuzi ni mmoja au ni wengi? Mkataba wa mayai unaomfunga mfugaji kwa mnunuzi mmoja, bila mnada na bila chama chake, ulikwisha kujaribiwa Japani, na tumeuona pia kwenye pamba. Uzuri wake huwa ni wa msimu wa kwanza.

Nne, mama wa kienyeji ni nani? Sisi hatuna ukoo wa mforsadi wa karne mbili kama Mysore. Lakini tunaye nondo wa porini, tunayo miti inayomlisha, na tunao watafiti wa Ukiriguru wenye uzoefu wa karibu karne moja wa kuchagua mbegu kwa ajili ya udongo huu. Mradi unaowaruka hao wote ili kuanza upya na kasha lililofungwa ng'ambo unatudharau.

Maswali haya hayahusu hariri peke yake. Yanafaa kwa alizeti chotara, kwa vifaranga wa kuku, kwa vifaranga wa samaki, na kwa pamba yenyewe ambayo bado inaweza kufufuliwa endapo mbegu yake itapewa mlinzi anayewajibika kwa mkulima. Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma kutokana na dhahabu. Sehemu ya fedha hiyo, hata ndogo, ikitengwa kila mwaka kwa ajili ya kituo cha mbegu, maabara ya ukaguzi na soko la mnada, itakuwa imefanya kazi ambayo Kolar waliifanya kwa bahati, kwa sababu tu mashamba yao yalikuwepo kabla ya mgodi. Sisi tunajua mapema. Mgodi wa Geita ulikwisha kufungwa mara moja, mwaka 1966, na wazee walioishuhudia siku hiyo bado wako nasi kutueleza kilichofuata. Ningependa kikao kijacho cha bajeti kiwaite wawili watatu kati yao kabla ya kupitisha fedha za mradi wowote mpya.